Mzee aliposema "nilikuwa Bama": kuisoma kumbukumbu ya askari wa Keya

Koo nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi zina mzee aliyekwenda "Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo. Alirudi na medali mbili tatu, koti zito la jeshi na hadithi zisizopangana: mvua isiyokatika, tembo waliokokota magogo, vidonge vilivyombadilisha rangi ya macho, magunia ya chakula yaliyoporomoka kutoka angani. Vita vyenyewe, kwa maana ya kurushiana risasi, alivimaliza kwa sentensi mbili. Wanawe wakabaki wakijiuliza kama alipigana kweli au alikuwa mpishi tu, na mbona safari hii alisema Seloni, safari ile Bukini, na siku nyingine Habeshi.

Kwa aliyezoea habari za Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoundwa 1902, hadithi za namna hiyo si kitendawili kikubwa. Yale yanayosikika kama chumvi, tembo na magunia ya angani, mara nyingi ndiyo ya kuaminika kuliko yote. Yale ambayo mtoto huyashika kama ushahidi, yaani mwaka, namba ya kikosi na jina la mji, ndiyo hupotoka. Aliyelala kwenye matope miezi mitatu hayasahau matope. Jina la kijiji cha Bama alilisikia mara moja mdomoni mwa ofisa wa Kizungu, naye ofisa mwenyewe alilitamka vibaya.

Kwanza, vita gani?

Wazee walikuwa na majina yao. "Vita vya Mjerumani" ni vile vya 1914 hadi 1918. "Vita vya Hitla" ni vya 1939 hadi 1945, hata kwa askari ambaye hakumwona Mjerumani hata mmoja na aliyepigana na Wajapani tu. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ni ya vita vya Mjerumani, kwa hiyo kupiga picha pale kwa heshima ya babu wa Bama ni heshima iliyokosea mlango.

Ndani ya vita vya Hitla, askari mmoja aliweza kupita nchi tatu au nne, na akizeeka zinashikana. Habeshi, yaani Ethiopia, ni 1941: Keya walivuka kutoka Kenya kuingia Somalia ya Mwitalia, Mogadishu ikaanguka Februari 25, Addis Ababa Aprili 6, na ngome ya mwisho ya Waitalia, Gondar, ikasalimu amri Novemba 27. Mzee akikumbuka baridi ya milimani, mateka wengi wa Kizungu wakitembea kwa misururu, na vumbi, yuko Habeshi.

Bukini, jina la kale la Madagascar huku pwani, ni 1942. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga Septemba 10, na Tananarive ikachukuliwa Septemba 23. Wafaransa waliokuwa upande wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Mjerumani, walipigana kidogo na kuziba njia sana: walibomoa madaraja, wakaangusha miti barabarani, wakajenga kuta za mawe. Mzee anayesema "tulikata magogo kuliko tulivyopiga bunduki" anasimulia Bukini, hata kama mjukuu amemwandika chini ya Bama. Mapigano yalikoma mwanzoni mwa Novemba mwaka huohuo.

Bama ni 1944 na 1945. Seloni, yaani Sri Lanka ya leo, ilikuwa kambi ya mazoezi na ulinzi kabla ya hapo, na wengi walikaa huko mwaka mzima. Ndiyo maana ina nafasi kubwa kwenye simulizi: walikuwa na muda, walikuwa na mshahara, na hakuna aliyekuwa akiwapiga risasi.

Kisha kuna mtego wa Malaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 batalioni za Keya zilipelekwa huko kupambana na wapiganaji wa kikomunisti. Msitu, mvua na ruba ni vilevile, ila mzee wa Malaya atataja mashamba ya mpira, na hatataja Wajapani isipokuwa kwa kusikia. Pima kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa 1932 alikuwa na miaka 12 wakati wa Bama. Na watu walijikweza pia: kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Idi Amin alipigana Bama, ilhali kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliingia Keya 1946 kama msaidizi wa mpishi, vita vikiwa vimekwisha.

Namba zinavyodanganya

Tatizo linalowachanganya hata wasomi ni namba 11. Kulikuwa na Divisheni ya 11 ya Kiafrika iliyopigana Habeshi na kuvunjwa mwishoni mwa 1941. Kulikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa Februari 1943 chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, ndiyo iliyokwenda Bama. Na kulikuwa na batalioni ya 11 ya Keya, ya Wakenya, ndani ya divisheni hiyo ya pili. Mzee akisema "nilikuwa Kumi na Moja" hujapata jibu bado. Muulize, au tafuta kwenye picha, alama ya begani. Divisheni ya Bama ilivaa kichwa cha kifaru.

Batalioni zenyewe zina mantiki inayofanya kazi mara nyingi, si mara zote. Kabla ya vita, namba 1 na 2 zilikuwa za Nyasaland (Malawi), 3 na 5 za Kenya, 4 ya Uganda, 6 ya Tanganyika. Jeshi lilipopanuka, tarakimu ya mwisho ikabaki kama alama ya nyumbani: 22 ni ya Nyasaland, 34 na 44 ni za Uganda, 26, 36 na 46 ni za Tanganyika. Lakini 7 ilikuwa ya Uganda na 11 ya Kenya, kwa hiyo usiapie kanuni hiyo.

Divisheni ya Kifaru ilikuwa na brigedi tatu. Ya 21 ilikuwa na batalioni za 2 na 4 za Keya pamoja na askari wa Northern Rhodesia (Zambia). Ya 25 ilikuwa na 11, 26 na 34. Ya 26 ilikuwa na 22, 36 na 44. Hapo pana mkanganyiko mwingine: "ishirini na sita" inaweza kuwa batalioni ya Watanganyika au brigedi ambayo batalioni hiyo haikuwamo kabisa.

Wala batalioni haikufungwa kwa kabila wala nchi. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alikuwa Mkikuyu wa Kenya ndani ya batalioni ya 36 ya Tanganyika huko Bama. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha Keya, kifupi na cha amri, na wazee wengi wa bara walikijua Kiswahili kwa mara ya kwanza kambini.

Bonde la Kabaw

Hapa ndipo hadithi nyingi zinapotoka, na ndipo pasipojulikana. Kati ya Machi na Julai 1944 Wajapani walishambulia Imphal na Kohima, mashariki ya India, wakashindwa, wakaanza kurudi nyuma wakiwa na njaa na maradhi. Mwanzoni mwa Agosti Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafuata kuanzia mji wa Tamu, kusini kupitia bonde la Kabaw, hadi Kalemyo na mto Chindwin. Umbali wa Tamu hadi Kalemyo ni kilomita 130 hivi. Iliwachukua zaidi ya miezi mitatu.

Sababu ni mvua. Masika ya Bama huanza Mei na kuisha Oktoba, na majeshi yote mawili yalikuwa na desturi ya kusimama msimu huo. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliamua kutosimama, ili Wajapani wasipate nafasi ya kujipanga upya. Uamuzi huo waliulipia askari waliokuwa Kabaw. Njia ilikuwa ya udongo. Magari machache yakipita inakuwa uji, na baada ya hapo hata nyumbu anazama hadi tumboni. Dawa ilikuwa kulaza magogo, moja kando ya jingine, kukatisha barabara, mita baada ya mita. Magogo hayo yalizama nayo, yakalazwa mengine juu yake.

Na hapo ndipo tembo wanapoingia. Bama ilikuwa na tembo waliofunzwa kukokota miti ya msaji, na jeshi la Mwingereza liliwakusanya chini ya J. H. Williams, mtu wa kampuni za mbao aliyewajua kwa majina. Katika bonde la Kabaw walikokota magogo na kujenga madaraja ya vijito. Kwa askari aliyetoka kijiji ambako tembo ni mwizi wa mahindi, kumwona ndovu akipanga boriti kwa amri ya mtu mmoja ilikuwa ajabu ya maisha. Watoto walimcheka mzee kwa hiyo hadithi. Walimwonea.

Chakula kilitoka angani kwa sababu hakikuweza kutoka ardhini. Ndege za Dakota ziliruka chini juu ya uwazi uliokatwa msituni. Risasi, mafuta na vitu vya kuvunjika vilishushwa kwa miamvuli. Miamvuli ya hariri ilipoadimika, Slim aliagiza ishonwe ya juti, ileile ya magunia, huko Calcutta. Ilikuwa na bei ndogo mno na ilifanya kazi karibu sawa na ya hariri. Nafaka ilitupwa bila mwamvuli, gunia ndani ya gunia, la nje likiwa pana ili la ndani likipasuka unga usimwagike. Gunia namna hiyo likikuangukia linaua, na liliua. Mawingu yakishuka ndege hazikuja, na hizo ndizo "siku za njaa" ambazo mzee hazihesabu kwa tarehe.

Wajapani wenyewe hawakuonekana sana. Walioachwa nyuma kuchelewesha msafara walikuwa vikundi vidogo vilivyochimba mashimo juu ya vilima vilivyotazama njia, na bunduki ya mashine imefunikwa matawi. Askari wa mbele alikutana nao kwa hatua kumi au ishirini, dakika chache, kisha kimya. Waliobaki nyuma yake kilomita moja walisikia tu. Kwa hiyo sentensi mbili za mzee kuhusu mapigano si lazima ziwe dalili ya kuficha jambo wala ya woga; ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wao. Walichokiona kwa wingi ni maiti. Tamu ilipochukuliwa ilikuwa imejaa mamia ya Wajapani waliokufa kwa majeraha, njaa na kuhara, hawakuzikwa. Wapo wazee waliokataa nyama maisha yao yote na hawakusema kwa nini.

Homa

Mwaka 1943, kabla ya hatua kali kuchukuliwa, kwa kila majeruhi mmoja wa Jeshi la 14 aliyepelekwa nyuma, wagonjwa 120 walipelekwa pamoja naye. Malaria peke yake ilikuwa asilimia 84 ya jeshi kwa mwaka. Kabaw ilikuwa na sifa mbaya kuliko mabonde mengi.

Vidonge vya njano ni mepakrini, kimoja kila siku. Kwinini ilikuwa haipatikani kwa sababu Wajapani walishaiteka Java, ambako ndiko ilikolimwa. Mepakrini hugeuza ngozi na weupe wa macho kuwa njano, na kwa mtu mweusi huonekana zaidi machoni na viganjani. Uvumi ulienea katika majeshi yote, ya Wazungu kwa Waafrika, kwamba inaua nguvu za kiume, watu wakawa wanaitema. Basi ikawa amri: unapanga mstari, unameza mbele ya ofisa, unafungua kinywa. Slim alipima vikosi kwa kushtukiza, na kamanda ambaye watu wake chini ya asilimia 95 walionekana wamemeza alifukuzwa kazi. Alifukuza watatu; waliobaki walielewa. Kufikia 1945 wagonjwa walishuka hadi mmoja kwa elfu kwa siku.

Ugonjwa ulioogopwa zaidi ya malaria ulikuwa homa ya utitiri. Watoto wa utitiri, wadogo kuliko punje ya chumvi, hukaa kwenye majani marefu na kuuma penye mkanda, kwapani na nyuma ya magoti. Pale walipouma hutokea kidonda chenye gamba jeusi, kama umechomwa kwa sigara, kisicho na maumivu makubwa. Homa hufuata baada ya wiki moja hadi tatu. Wakati ule haikuwa na dawa. Kloramfenikoli ilijaribiwa kwa mafanikio 1948 tu. Kinga ilikuwa kupaka nguo dawa ya kufukuza wadudu, kwenye mishono na pindo, na mvua iliiosha. Mzee mwenye kovu dogo la duara kiunoni aliyesema "mdudu wa Bama" hakuwa akikwepa swali kuhusu risasi.

Mtoni, kisha kurudi

Katikati ya Novemba 1944 Divisheni ya 11 ilikutana Kalemyo na Divisheni ya 5 ya Kihindi iliyotoka milimani. Kalewa, ukingoni mwa Chindwin, ilichukuliwa Desemba 2. Wahandisi wakaunga daraja la vyuma juu ya mitumbwi bapa, mita 350 hivi, refu kuliko daraja lolote la aina ya Bailey duniani wakati huo. Watu wa Kifaru walishavuka kwa maboti na kushika ng'ambo.

Halafu wakarudishwa India. Wengine wakapita juu ya daraja na kwenda kuichukua Mandalay na Rangoon, na magazeti yakaandika habari zao. Hii ndiyo sababu mzee wa Kifaru hajui Mandalay, na mtoto akisoma kitabu cha vita vya Bama hamwoni baba yake baada ya ukurasa wa mto.

Zilikuwapo brigedi mbili nyingine za Afrika Mashariki zilizoendelea, na kumbukumbu zake zinatofautiana. Brigedi ya 28, yenye batalioni za 7, 46 na 71 za Keya, ilikuwa kwenye mto Irrawaddy Februari 1945, ng'ambo ya mji wa mafuta wa Chauk, kazi yake ikiwa kuwafanya Wajapani waamini kwamba uvukaji mkubwa utakuwa pale. Uvukaji wa kweli ulifanyika Nyaungu. Wajapani waliamini, wakaishambulia kwa nguvu, ikasukumwa nyuma hadi Letse. Mzee wa 46 atakumbuka kiangazi, vumbi, mto mpana mno, na mapigano makali yasiyoelezeka sababu, maana askari wa chambo haambiwi kwamba ni chambo. Brigedi ya 22, ileile ya Bukini, ilikuwa Arakan, upande wa bahari: vijito vya maji ya chumvi, mikoko, maboti. Mpwani aliyesema "Bama ni kama Rufiji" huenda alikuwa huko.

Waliosahaulika baharini

Kuna familia zilizopokea habari kwamba kijana wao "amefia Bama" ilhali hakufika. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Ilibeba watu 1,511, wakiwamo 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki; walikufa 1,297. Hakuna kaburi. Majina yao yako kwenye ukumbusho ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na ndipo pa kuyatafuta. Waliofia Bama kwenyewe bila kaburi wako kwenye ukumbusho wa Rangoon, ulioko makaburi ya Taukkyan, penye majina karibu 27,000.

Medali, karatasi na majina

Nyota za vita hivyo zina pembe sita, rangi ya shaba ya njano, na hazikuchongwa jina wala namba. Medali peke yake haithibitishi ilikuwa ya nani, jambo linalozua ugomvi wa urithi bila sababu. Utepe ndio unaosema. Nyota ya Bama ina mstari mwekundu katikati na buluu nzito pande mbili, kila buluu ikipitiwa na chungwa. Nyota ya Afrika ina rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Aliyekuwa Habeshi alistahili, aliyekuwa Bukini tu hakustahili. Aliyeishia Seloni bila kuvuka hakupata ya Bama. Tepe zikioza, watu hushona zozote, kwa hiyo soma maandishi ya duara katikati ya nyota kwanza.

Cheti cha kuachishwa jeshi kina thamani kuliko medali zote: kina namba ya askari, kikosi na tarehe. Nakili namba pamoja na herufi zinazotangulia, bila kurekebisha kitu. Tarehe ya 1946 isikutie shaka. Meli zilikuwa chache na wengi walisubiri India miezi mingi baada ya Japani kusalimu amri.

Shajara za vita za batalioni zilizokuwa Bama ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, fungu WO 172; za Bukini ni WO 174. Zinaeleza siku kwa siku: mvua, vilima, doria. Usitegemee kumwona baba. Maofisa huandikwa kwa majina, askari wa Kiafrika kwa hesabu: wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Unachofanya ni kuanza na jambo ambalo mzee alilitaja, mathalani siku ndege ilipoangusha gunia juu ya hema, ukalitafuta kwenye shajara ya batalioni yake kati ya Agosti na Novemba 1944.

Kama bado kuna mzee wa kuuliza, au mjane wake, ambaye mara nyingi amesikia zaidi ya watoto, usiulize mwaka. Uliza walikula nini, maji walitoa wapi, walilala juu ya nini, nani alikuwa pamoja naye shimoni. Uliza pia alilipwa nini alipoachishwa, kisha nyamaza. Hati zilizotangazwa 2019 zilionyesha kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi: Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi katika makoloni hayo alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika wa makoloni hayohayo shilingi 3 na nusu. Wazee walijua hilo muda mrefu kabla ya hati.

Jina la mwenzake wa shimoni likipatikana, tafuta katika orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi mtandaoni na huonyesha kikosi na tarehe ya kifo. Karani aliandika alivyosikia, na kwa haraka. Jaribu l badala ya r, c badala ya k, jina bila "bin", jina la baba likiwa mbele, na jina la ukoo likiwa limeachwa kabisa. Jaribu pia jina la utani. Wapo walioandikishwa kwa jina la kaka aliyeshindwa kipimo cha daktari, wakatumikia vita vyote kwa jina hilo, na medali zikaja kwa jina hilo.